Wagosi wa Kaya na mtoto anayerudi na jezi ya wengine



Anayepanda milima ya Usambara kutoka Mombo, akaupita mji wa Lushoto na kuendelea mpaka Mlalo, hukutana na jambo ambalo watu wa tambarare hawalijui. Ardhi iliyolala ni adimu. Nyumba zimepangana ubavuni mwa mlima, nyingine za ghorofa zilizojengwa kwa udongo na miti, na mashamba ya kabichi, viazi na maharage yameshikilia miteremko kana kwamba yataanguka. Palipo na kipande kilicho sawa pamekwishajengwa shule, msikiti, kanisa au soko. Kwa sababu hiyo uwanja wa mpira, hata ukiwa mdogo na umeinama upande mmoja, ni mali ya watu wote. Mpira ukitoka nje haubingiriki hatua chache ukasimama. Huteremka bondeni, na mdogo kuliko wote ndiye anayetumwa kuufuata. Wanaoshangaa mapafu ya kijana aliyelelewa milimani wangeanza kwa kuhesabu ni mara ngapi aliteremka na kupanda kuufuata mpira kabla hajafikisha umri wa miaka kumi na miwili.

Ardhi hiyo haba ndiyo inayowatoa vijana nyumbani. Itakumbukwa kuwa mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ukawalazimisha wakulima kulima matuta, nao wakaupinga hadi ukaachwa mwaka 1957. Wakoloni waliondoka, lakini hesabu ya ardhi haikuondoka. Shamba la babu likigawiwa wana wanne, kisha wana wa wana, linakuwa kipande ambacho hakilishi nyumba. Basi kijana hushuka. Wengi huenda kuuza duka la ndugu Tanga, kubeba mizigo Dar es Salaam, kuendesha pikipiki Korogwe. Mmoja kati ya maelfu hushuka akiwa na njumu begani, na huyo mmoja ndiye ambaye kijiji kizima humwombea dua na kumsubiri.

Tunauliza leo: anasubiriwa arudi na nini? Na timu ya mkoa wake, ile iliyobaki nyumbani wakati yeye yuko mbali, ina kazi gani katika maisha ya watu ambao shida zao si za mpira?

Jina la nyumbani

Coastal Union ya Tanga ilianzishwa mwaka 1948. Mashabiki wake huiita Wagosi wa Kaya, na msomaji wa Mlalo, Bumbuli au Muheza hahitaji kufasiriwa jina hilo, kwa kuwa limetoka katika lugha zetu, Kisambaa na Kibondei. Mgosi ni mwanamume, mtu mzima anayesimamia mambo. Kaya ni nyumbani. Wanaume wa nyumbani. Angalia namna jina lilivyochaguliwa: hawakuitwa simba wala chui wala radi, wameitwa wale waliopo. Timu ya mji wa pwani ikajipa jina la watu wa bara na mlimani, na kwa jina hilo mlima na pwani vikawa kitu kimoja kwa dakika tisini.

Mji wenyewe una historia ya kupanda na kushuka. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche elfu moja aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yakatoka mashamba yaliyoenea kutoka Pangani hadi Korogwe na Mombo, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka, hakuna aliyetushinda duniani. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi kiasi cha tani 20,000. Kiwanda cha mbolea kikafungwa. Treni ya abiria ya kwenda Moshi ikasimama zaidi ya miaka ishirini, mpaka iliporudishwa Desemba 2019. Wazee wa Tanga wanaijua miaka hiyo kwa vyungu vyao, hawaijui kwa takwimu.

Ndani ya kuporomoka huko, mwaka 1988, Coastal Union ikachukua ubingwa wa Tanzania Bara. Ubingwa huo haukumrudishia kibarua wa mkonge ajira yake. Hata hivyo, mtu wa Tanga aliyekwenda Dar es Salaam mwaka huo kutafuta kazi hakuingia kichwa kikiwa chini. Alikuwa na jambo la kusema alipoulizwa ametoka wapi. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajawahi kuulizwa swali hilo akiwa hana jibu.

Tena Tanga haikuwa peke yake. Mwaka 1986 bingwa alikuwa Tukuyu Stars kutoka wilaya ya Rungwe. Mwaka 1975 alikuwa Mseto ya Morogoro. Zilikuwapo Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara, na majina hayo yenyewe yanakwambia nani alikuwa akilipa nauli na posho. Shirika lilipokufa au kubinafsishwa, timu ilifuata kaburini. Pamba ilishuka daraja mwaka 2001 na ikakaa nje ya ligi kuu miaka zaidi ya ishirini, ikarejea msimu wa 2024/25 chini ya mwamvuli wa Jiji la Mwanza. Coastal Union imeteseka kwa namna yake. Mwaka 2016 Tanga ilikuwa na timu tatu katika ligi kuu, Coastal Union, African Sports na Mgambo, na zote tatu zikashuka kwa pamoja. Mkoa mzima ukabaki bila timu hata moja. Coastal ilirejea mwaka 2018.

Anaporudi kama mgeni

Sasa tuje kwa huyo mtoto aliyeshuka na njumu. Katika mawazo yetu, nyota akirudi nyumbani anapokewa kwa ngoma, anabebwa mabegani, anachinjiwa mbuzi. Hayo hutokea. Lakini kurudi kwa kawaida, kule kunakotokea kila msimu, ni kwa namna nyingine kabisa: anarudi ndani ya basi la timu pinzani.

Chukua mfano wa Bakari Mwamnyeto, beki aliyekua kisoka Coastal Union. Mwaka 2020 alisajiliwa Yanga, akawa nahodha, na mwaka 2023 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ni fahari ya Tanga bila shaka yoyote. Lakini Yanga ikipangwa kucheza Mkwakwani, yeye anakuja kuwanyima Wagosi pointi tatu, na hivyo ndivyo alivyoajiriwa kufanya. Tazama pia fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Julai 2022, pale Arusha katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Coastal Union ilikwenda sare ya mabao 3-3 na Yanga hadi mwisho wa dakika 120, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu. Wagosi wakashindwa kwa mikwaju ya penalti. Kabla msimu mwingine haujaanza, Sopu alikuwa ameshavaa jezi ya Azam.

Hatumlaumu yeyote kati yao. Mchezaji ana miaka kumi hivi ya kuvuna kwa miguu yake, na mwenye haki ya kwanza juu ya jasho hilo ni yeye, mzazi wake, mkewe na wanawe. Anayemtaka abaki kwa mshahara mdogo ili mji ujisikie vizuri, na aanze yeye mwenyewe kufanya kazi kwa mshahara huo.

Lawama, kama ipo, ielekezwe mahali ambapo hatupendi kutazama. Pita leo katika soko lolote la milimani, kuanzia Lukozi hadi Mlalo, uhesabu rangi. Nyekundu ya Simba na njano ya Yanga zimejaa madukani, katika pikipiki na katika mabanda ya kuonyeshea mpira. Timu hizo mbili ni za Kariakoo na Jangwani, mitaa ya Dar es Salaam ambayo wengi wa wanaozililia hawajawahi kuikanyaga. Yanga ikifika Mkwakwani, sehemu kubwa ya wanaoshangilia ni watu wa Tanga, wanaowashangilia wageni dhidi ya wanaume wa nyumbani. Tumekwishawapa Dar es Salaam mioyo yetu, tukawapa na watoto wetu, kisha tunauliza kwa uchungu mbona watoto hawarudi.

Msimu wa 2023/24 Coastal Union ilimaliza ligi katika nafasi ya nne, na kwa nafasi hiyo ikapata kucheza Kombe la Shirikisho Afrika baada ya zaidi ya miaka thelathini ya kuyasikia mashindano ya bara redioni tu. Ilitolewa mapema, Agosti 2024, na Bravos do Maquis ya Angola kwa jumla ya mabao 3-0. Oktoba mwaka huohuo, ilipopangwa kuwa mwenyeji wa Yanga katika ligi, mchezo ulipigwa Arusha. Mzee wa Ngamiani aliyetaka kuwaona Wagosi wakiwa wenyeji alitakiwa kwanza afunge safari ya siku nzima.

Kijana wa Mbagala katika miji ya wachimba madini

Tutoke kidogo nje ya mipaka, tumfuate Mtanzania aliyekwenda mbali kuliko wote katika mchezo huu, kwa kuwa njia yake imepita katika miji inayofanana na Tanga kuliko tunavyodhani. Mbwana Ally Samatta, kijana wa Mbagala, aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Lubumbashi ni mji wa shaba. Shirika la Gécamines lilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 uzalishaji ukaanguka chini ya tani 50,000. Maelfu ya wachimbaji walikaa miezi mingi bila mishahara. Katika mji huo Mazembe ilisimama kuwa kitu kimoja ambacho hakijaanguka, na mwaka 2015 Samatta alifunga katika michezo yote miwili ya fainali dhidi ya USM Alger, Mazembe ikawa bingwa wa Afrika. Januari 2016, mjini Abuja, akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Alipotua Dar es Salaam alilakiwa na umati wa watu.

Hakukaa. Mwezi huohuo alielekea Genk, nchini Ubelgiji. Na Genk nao ni mji wa nini? Ni mji wa makaa ya mawe. Migodi yake mitatu ilifungwa mmoja baada ya mwingine, Zwartberg mwaka 1966, Waterschei mwaka 1987, Winterslag mwaka 1988. Timu mbili za mitaa ya wachimbaji, ya Waterschei na ya Winterslag, zilizokuwa mahasimu wakubwa, ziliungana mwaka huohuo wa 1988 zikazaa klabu moja. Ni mwaka uleule Wagosi walipokuwa mabingwa. Mji ukabaki ukitegemea kiwanda cha magari cha Ford, nacho kikafungwa Desemba 2014. Samatta alifika miezi kumi na mitatu baadaye, akaikuta familia baada ya familia ambayo babu alipoteza kazi mgodini na mjukuu akaipoteza kiwandani. Mwaka 2019 Genk ikatwaa ubingwa wa Ubelgiji, yeye akiwa mfungaji tegemeo, na akapewa tuzo ya Kiatu cha Ebony kwa kuwa Mwafrika bora wa ligi hiyo.

Msomaji wa ukurasa huu atapenda kujua kuwa Genk ni mji wenye Waislamu wengi. Mwaka 1964 Ubelgiji ilitiliana saini na Morocco na Uturuki mikataba ya kuleta wafanyakazi, na wengi wao wakashushwa migodini. Mjukuu wa mchimbaji kutoka Morocco na mjukuu wa mchimbaji Mbelgiji wakashangilia bao la Muislamu wa Mbagala. Misikiti na makanisa haviko mbali na uwanja, na uwanja wenyewe umesimama karibu na mgodi uliokufa. Kilichowafanya wasihamishie mioyo yao Brussels au Bruges, miji yenye timu tajiri zaidi, ni kwamba hata katika mwaka wa njaa waliiona timu ni yao.

Samatta aliendelea hadi Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi 2020 akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi ambayo timu yake ilifungwa na Manchester City. Kisha Uturuki, kisha msimu wa 2022/23 akarudi Genk kwa mkopo, na baadaye Ugiriki na Ufaransa. Kwa hiyo hata yeye ana mji aliourudia, na mji huo si Mbagala. Je, tumhesabie hilo kuwa ni kosa?

Mji wa kuzaliwa na mji wa kupokewa

Katika sira ya Mtume Muhammad (S.A.W.) lipo jambo linalogusa swali hili, nasi tunalitaja kwa adabu, bila kulilinganisha na mambo ya mpira. Alipotolewa Makka aliugeukia mji wake kwa huzuni na kuueleza mapenzi yake. Mwaka wa nane baada ya Hijra alirudi akiwa mshindi, milango yote ikiwa wazi. Watu wa Madina, Answari waliompokea alipokuwa hana mahali pa kukaa, wakaingiwa na hofu kwamba sasa ameyapata makwao na hatarudi nao. Hofu hiyo ikazidi baada ya Hunayn, mali ilipogawiwa Makureshi wapya nao wakaachwa. Aliwakusanya, akawatuliza kwa maneno yaliyowaliza wote, kisha akarejea Madina na huko ndiko alikozikwa. Aliupenda mji wa kuzaliwa na akautekelezea haki mji uliompokea, na haki ya mmoja haikufuta haki ya mwingine.

Tuseme basi kwamba mchezaji ana haki mbili begani, ya waliomzaa na ya waliompokea, na sisi wa nyumbani tumezoea kudai ya kwetu kana kwamba ni ya peke yake. Mara nyingi tunaidai kwa fedha. Simu huanza siku ya mkataba wa kwanza. Mjomba ana mgonjwa, jirani ana ada ya shule, kikundi kinataka mabati ya msikiti, mwalimu wa zamani anakumbusha kuwa ndiye aliyemnunulia viatu. Kila ombi ni la kweli, na hapo ndipo palipo na uzito, kwa sababu maombi hamsini ya kweli humfilisi mtu haraka kuliko tapeli mmoja. Kisha kijana anaumia goti akiwa na miaka ishirini na minne, mkataba unakwisha, na simu zinanyamaza.

Wapo waliojaliwa kutoa kwa namna inayobaki. Sadio Mané wa Senegal alizaliwa Bambali, kijiji cha kusini mwa nchi hiyo ambacho hakikuwa na hospitali, na baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Mwana huyo akajenga shule kijijini hapo, na mwaka 2021 hospitali ikafunguliwa. Hapa nyumbani, Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alirudi na leo jina lake liko katika shule zilizoko Kibaha. Tunawashukuru. Pamoja na shukrani hizo inafaa tuseme wazi kwamba hospitali ya Bambali ingepaswa kuwapo kabla Mané hajazaliwa. Kijiji kinachongoja mfungaji wa mabao ili kipate mkunga kitangoja sana, na kina mama hawajifungui kwa ratiba ya ligi.

Wapo pia wanaorudi bila ngoma, na kwa maoni yetu hawa ndio wanaozishikilia timu za mikoani zisianguke. Juma Mgunda, mwenyeji wa Tanga, aliichezea Coastal Union katika ujana wake, kisha akaifundisha baada ya timu kurejea ligi kuu, akaifikisha kwenye ile fainali ya 2022. Septemba mwaka huo Simba ilikwama bila kocha ikamwita yeye, naye akaivusha hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Watu wengi nchini walilijua jina lake wiki hiyo. Watu wa Barabara ya Ishirini walikuwa wakilijua tangu zamani, kwa kuwa alikuwapo.

Daftari la mwalimu

Tumalizie kwa jambo ambalo wazazi wa Mlalo wanaweza kulifanya Jumamosi ya kesho, kwani kuna njia ya nyota kurudi nyumbani hata asipopanda gari.

Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa zinasema kwamba mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine kwa ada ya uhamisho kabla mkataba wake haujaisha, asilimia tano ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza miaka 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu husika inapata asilimia tano ya fungu hilo. Kuanzia miaka 16 inapata asilimia kumi kwa kila msimu. Tuseme ada ni dola milioni moja. Fungu la walezi ni dola 50,000. Timu ya kijijini iliyokuwa naye misimu minne, tangu miaka 12 hadi 15, inastahili dola 10,000. Timu ya Tanga iliyomchukua kwa misimu mitatu iliyofuata inastahili dola 15,000. Hii si sadaka ya mchezaji wala si hisani ya tajiri. Ni ujira wa malezi, na hautoki mfukoni mwa kijana.

Masharti yake ni makavu. Timu iwe imesajiliwa na chama cha soka, na mtoto awe amesajiliwa katika timu hiyo kwa jina na tarehe. Timu ya kirafiki isiyo na usajili, hata ingemlea kwa miaka kumi, haipati kitu. Sisi ambao dini yetu imetuamrisha kuandika deni tunapokopeshana hatuna udhuru wa kuendesha timu bila daftari. Mwalimu wa watoto anayesimama uwanjani kila alasiri na aandike: nani kaja, kazaliwa lini, kaanza lini, kaondoka lini na kaenda wapi. Mzazi naye apate cheti cha kuzaliwa cha mtoto mapema, asingoje mpaka wakala asimame mlangoni.

Huyo wakala mara nyingi huja na ushauri wa kupunguza umri. Kijana wa miaka kumi na minane anaambiwa aandikwe kumi na mitano, apate soko. Wengi wanauchukulia ushauri huo kuwa ni ujanja usiomdhuru mtu. Ukiacha kwamba ni uongo, na kwamba ukigundulika kijana hufungiwa, tazama unamwibia nani. Tarehe ya kuzaliwa ikisogezwa mbele kwa miaka mitatu, ile misimu minne aliyokimbia kwenye uwanja ulioinama wa Mlalo, tangu kumi na mbili hadi kumi na tano, katika karatasi inakuwa misimu ya mtoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Mitatu haihesabiwi. Unabaki mmoja, na zile dola 10,000 zinakuwa dola 2,500.